Kibaba cha Kununulia

Chuma kilipogusa ubao, kibaba cha marehemu baba yangu kilitoa moshi mweupe, mwembamba, wenye harufu ya mahindi ya kuchoma. Karani wa serikali alikishika chuma kwa kitambaa kilicholowa maji, akahesabu mpaka tano, akakiinua. Alama ya taji ikabaki ubavuni, nyeusi, kingo zake bado zikiwaka. Mwenyekiti wa tume alipuliza jivu, akakigeuza kibaba upande huu na upande huu, akauliza kama kuna mtu mwenye neno.

Hakuna aliyekuwa na neno. Bwana Nyuki alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake. Kishor, aliyekaa kando yangu kwenye benchi, alikuwa amenishika paja kwa vidole vitano, na vidole vile viliniuma, kwa sababu katika watu wote waliokuwamo ndani ya chumba kile cha forodha, yeye peke yake ndiye aliyejua ni kibaba gani nilichokileta.

Huo ulikuwa mwaka wa 1912. Nimekaa na jambo hili muda mrefu kabla ya kuliandika, maana sipendi kusema kitu ambacho sijakipima.

Katika duka letu la Malindi vilikuwapo vibaba viwili, mapacha. Fundi mmoja wa Lamu alivichonga kutoka gogo moja, kimo kimoja, unene mmoja. Kimoja kilikaa rafu ya kulia, nacho kilikuwa cha kuuzia. Cha pili kilikaa rafu ya kushoto, nacho kilikuwa cha kununulia. Kila mwaka, siku ya pili ya Idi, baba yangu Gulamhussein alikipakata hiki cha kushoto, akachovya kitambaa katika maji na mchanga laini, akakisugua kwa ndani mpaka adhuhuri. Kwa nje hakikubadilika. Kwa ndani kilipanuka, unywele kwa unywele, mwaka kwa mwaka. Baba alikuwa mtu wa sala zake, na hakupata kuchukua hata sindano ya mtu. Kusugua kibaba hakukuita wizi. Alikuita matunzo.

Wagiriama waliotuuzia mahindi walijua. Nao walikuwa na matunzo yao. Mahindi yalilazwa uani yanywe umande yavimbe, na chini ya kikapu mara nyingi palikuwa na magunzi matupu yaliyofunikwa kwa punje nzuri. Baba akinunua alitia mkono mpaka kitakoni mwa kikapu, akatoa gunzi moja, akaliweka mezani bila kusema. Muuzaji akalitazama gunzi, kisha akatazama kibaba, bila kusema. Basi wakaendelea. Soko lilisimama hivyo miaka arobaini, kila mmoja ameegemea udanganyifu wa mwenziwe.

Mwambire ndiye aliyelisema wazi, siku ya kwanza nilipomwona. Alikuwa kijana wa makamo yangu kutoka upande wa Marafa, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele.

"Kibaba cha baba yako kinanenepa kila mwaka," alisema, "na sisi tunakonda. Kinakula nini?"

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini. Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sema, bwana. Sauti yako ni ya mtu anayeogopa kumwamsha paka."

Miaka minne baadaye tulichanjana. Nilikwenda kwao, tukakatwa kifuani mimi na yeye, ini la kuku likapakwa damu yangu akala yeye, likapakwa damu yake nikala mimi. Wazee walitutajia masharti moja baada ya moja: usimwibie, usimfiche, usimwache akalala na njaa. Baba yangu hakuambiwa. Tangu siku hiyo Mwambire aliniita mwenehu, yaani ndugu yangu, naye ndiye aliyeninunulia mahindi kule ng'ambo ya mto Sabaki na kuyaleta dukani, pamoja na ya shamba lake. Baba alipofariki nikarithi duka na vibaba vyote viwili. Kile cha kushoto sikukisugua tena. Lakini sikukitoa rafuni.

Sisi wenye maduka tulikuwa sita. Tulijiita Umoja wa Wenye Maduka wa Malindi, jina kubwa kuliko sisi, na mimi nilikuwa mwandishi wake, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyejua kuandika Kiingereza. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa magazeti ya serikali yaliyofika Malindi yakiwa yamefungiwa vyombo vya kaure kutoka Mombasa. Niliyanyoosha kwa pasi ya makaa, nikayapanga kwa tarehe, nikayasoma tangazo kwa tangazo. Ndiyo maana Kiingereza changu mpaka leo kina sauti ya mtu anayepiga marufuku kitu.

Katika gazeti la namna hiyo ndimo nilimoyaona maombi ya Bwana Nyuki. Alikuwa na shamba la mpira upande wa Watamu, watu mia mbili na arobaini, na alikuwa mkubwa wa Chama cha Wenye Mashamba. Jina lake halisi halikutajwa na mtu. Tulimwita Nyuki kwa jinsi alivyovuma puani kabla ya kusema. Chama chake kiliiomba serikali mambo mawili. Kwanza, mahindi ya ng'ambo ya Sabaki yasiuzwe popote ila katika soko la Malindi na la Mambrui, tena na mtu mwenye kibali. Pili, kibali asipewe mtu ila aonyeshe barua kwamba amefanya kazi shambani miezi mitatu. Sababu aliyoiandika ilikuwa huruma: kuwalinda wenyeji na wenye maduka wadanganyifu. Alisema sisi ni wezi, na katika hilo hakukosea. Alikosea namna ya wizi wenyewe tu, na kosa hilo ndilo hadithi yangu.

Sababu ya kweli aliisema mwenyewe dukani kwangu, akinunua mahindi ya watu wake, bila kunitazama, kama mtu anayezungumza mbele ya ng'ombe.

"Mgiriama mwenye mahindi ghalani hana haja na mimi. Mfungie soko, mwezi wa tatu atakuja mwenyewe, kofia mkononi."

"Hawavai kofia, bwana," nilisema.

Akavuma puani. "Watavaa."

Amri ikatoka. Niliandika arzuhali ya kuipinga, kurasa nne, kwa adabu zote. Nilieleza kwamba mtu asiyeweza kuuza hatalima, na asiyelima hatakula, na asiyekula hatafaa hata kugema mpira. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba barua imefika.

Mwambire hakuwa na barua ya shamba, na hakutaka. Aliniletea mahindi kwa njia za pembeni, mizigo sita, akakamatwa kivukoni. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alimpa achague: jela ya Mombasa, au mkataba wa miezi sita kwa Bwana Nyuki. Nilikwenda kumwona kabla hajachukuliwa.

"Watamu ni karibu," aliniambia. "Mvua ikinyesha kwetu nitainusa. Jela ya Mombasa nitanusa nini?"

"Nitaandika barua."

"Andika, mwenehu. Lakini andika kwa sauti kidogo."

Mwezi wa tano wa mkataba alikufa. Waliandika kuwa ni homa.

Kadzo, mkewe, alikuja dukani siku ya arobaini tangu mazishi, akiwa amefunga kichwa kwa kaniki. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alifungua upindo wa nguo yake akatoa kopo la bati, la maziwa, akaliweka mezani.

"Ngala wa kijijini kwetu alikuwa naye kule shambani," alisema. "Ametoroka na hili. Hili ndilo la kuwapimia chakula. Moja kwa siku, unga wa mahindi, basi."

Nililishika. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kuelekea ndani, kikatuna katikati kama kitunguu.

"Kwetu mtu akiuawa, ndugu zake hudai kore," alisema Kadzo. "Malipo ya damu. Watoto wake ni wadogo na kaka zake wamekufa. Umebaki wewe uliyekula ini lake. Nimekuja kuuliza utaidai kwa nani."

"Sijajua bado kama aliuawa, shemeji."

Alinitazama. Hakukasirika; alikuwa kama mtu anayesoma bei.

"Wewe ni mtu wa kupima," alisema. "Pima."

Mchana nilifunga mlango wa duka. Nilikuwa na chupa ya dawa yenye mistari ubavuni. Nilivijaza maji vyombo vitatu, kimoja kimoja, mara tatu kila kimoja, nikaandika. Kibaba cha kuuzia: mistari thelathini. Kibaba cha kununulia, kile baba alichokitunza: mistari thelathini na minane. Kopo la Bwana Nyuki: mistari ishirini na miwili. Mkataba, nilioupata kwa karani, ulisema kibaba kimoja kwa siku. Nikapiga hesabu ya siku mia moja na hamsini za Mwambire, nikaona ni siku ngapi katika hizo aligema mpira bila kula chochote. Zilikuwa arobaini.

Nilirudia hesabu. Zilikuwa arobaini.

Sikulia. Niliosha chupa, nikaikausha, nikafungua mlango wa duka. Lakini tangu mchana ule kulikuwa na kitu kifuani mwangu, chini ya lile kovu la chale, kilichokaa kimya kikingoja kama mteja aliyekuja mapema.

Tume ilikuja mwaka uliofuata. Ilitumwa kusikiliza habari za kazi na biashara ya pwani yote, nayo ikakaa siku mbili katika chumba cha forodha cha Malindi. Sisi tulisikilizwa kwanza. Nilisoma arzuhali yetu kuomba biashara ya ng'ambo ya Sabaki ifunguliwe. Mwenyekiti, mzee mwenye macho mekundu ya safari, aliniambia mara mbili nipaze sauti.

Kisha akasimama Bwana Nyuki kwa niaba ya wenye mashamba. Aliongea vizuri. Wafanyakazi, alisema, wanatoroka kwa kisingizio cha chakula kichache. Basi na iwepo sheria: chakula kitajwe kwa kipimo, kibaba kimoja kwa siku, na mtu akitoroka baada ya kupewa kibaba chake, afungwe. Mwenyekiti akaandika, kisha akauliza: je, na bwana shamba asipotoa kibaba kamili?

"Mkataba uvunjike," alisema Bwana Nyuki, akafungua mikono yake. "Watu wake waende zao, na mshahara wao mkononi. Ni haki."

Alitabasamu aliposema hivyo. Nililiona tabasamu lile nikalielewa. Alikuwa ameshika kopo lake kwa muda mrefu hata akadhani anavijua vipimo vyote vya Malindi.

"Sheria haiwezi kusema kibaba bila kusema ni kibaba gani," alisema mwenyekiti.

Watu wakatazamana. Mmoja alisema cha Mombasa, mwingine cha Lamu. Bwana Nyuki akavuma puani.

"Kibaba cha dukani. Wahindi hawa wamekuwa nacho tangu wakati wa babu zao. Bwana Rajabali huyu, mwandishi wao, alete chake, kitiwe chapa, tumalize."

Hapo ndipo kosa lake liliposimama wazi mbele yangu, kama mtu aliyeingia chumbani bila kubisha. Miaka yote ile Bwana Nyuki alikuwa akinunua kwetu. Hakupata kutuuzia hata punje. Alikijua kibaba cha rafu ya kulia tu. Aliamini kwamba wizi wa mwenye duka ni kibaba kidogo, na kibaba kidogo ndicho alichotaka kiwe sheria. Kwamba mwenye duka ana kibaba cha pili, kikubwa, asingeweza kulijua ila awe Mgiriama.

Tulipewa saa moja. Kishor alinifuata mpaka dukani, akihema. Alikuwa muuza nguo na nafaka, mtu mwema, mwoga, mwenye watoto saba.

"Lete cha kuuzia upesi, Raju, turudi tukale."

Nilinyoosha mkono rafu ya kushoto.

"Hicho sicho."

"Najua."

Alikitazama kibaba, akanitazama mimi. Kisha akaelewa, nikaona uso ukimsawijika. "Umepotewa na akili? Kikitiwa chapa ni chetu sote. Tutauza kwa hicho hicho. Kila siku, mpaka tufe. Unamkata adui yako pua kwa kisu kilicholala shingoni mwetu."

"Tutapandisha bei kidogo."

"Na wakigundua?"

"Wataniuliza nami nitajibu."

"Kwa ajili ya Mwambire," alisema Kishor. Hakuwa akiuliza.

Nilikipangusa vumbi kwa kanzu yangu. Nilitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili. Nikakitia kwapani, nikatoka.

Mwenyekiti alikipokea kibaba, akakiinua mbele ya dirisha. "Hiki ndicho mnachopimia mahindi?"

"Ndicho, bwana. Mahindi yote yaliyotoka kwa Wagiriama yamepimwa kwa hiki, tangu wakati wa baba yangu."

Nilipaza sauti bila kuambiwa.

"Wenye mashamba mnakubali?"

Bwana Nyuki alikitazama kwa mbali. Kwa nje kilikuwa kile kile alichokiona kila Jumamosi mezani kwangu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kofia. Ndipo chuma kikatolewa motoni.

Jioni ile kibaba cha kuuzia nilikitia motoni jikoni. Nazmin mke wangu aliniuliza mbona nachoma chombo kizima. Nikamwambia kimepasuka. Kilitosha kuivisha wali wa watu wanne.

Vibaba vya bati vilifuliwa kwa mfano wa kile cha mbao, vikapelekwa kila shamba na kila duka, na cha mbao nikarudishiwa. Bwana Nyuki alipopimia chake mara ya kwanza, nasikia, alimfokea mpishi kwa kumwaga unga. Kisha alipima tena mwenyewe. Akaandika barua. Ofisi ikamjibu kwamba kipimo ni kile alichokipendekeza, na kilitiwa chapa mbele yake. Basi akafanya kama ambavyo mtu wa aina yake angefanya: kibaba cha chapa akakiweka juu ya meza ya ofisi, king'ae, na ghalani akaagiza ligongwe kopo jingine.

Nililijua hilo baada ya juma moja. Nikangoja miezi mitatu. Nilitaka mikataba yote iwe imesainiwa, mashina yote yamefungwa vikombe, na merikebu ya kuchukua mpira imekwisha kuagizwa. Kisha niliandika arzuhali fupi kupita zote nilizopata kuandika, mistari sita, yenye unyenyekevu mwingi, nikiomba afisa atazame kama sheria nzuri ya wenye mashamba inafuatwa na wenye mashamba. Nilitia jina langu lote.

Afisa alifika shambani asubuhi, wakati wa kugawa unga. Alikuwa na kibaba chake cha bati mfukoni.

Siku ya pili yake nilifunga duka nikaenda kutazama. Kwa kawaida siendi kutazama mambo. Nilisimama njia panda, chini ya jua, na watu wale wakatoka langoni, mia mbili na arobaini, kila mmoja na mkeka wake begani na mshahara wake umefungwa katika upindo wa nguo. Hawakuimba wala hawakukimbia. Walitembea kama watu wanaotoka msikitini. Nyuma yao mashina ya mpira yalikuwa yamekwisha kukatwa chale za asubuhi, na utomvu ulikuwa ukijaa vikombe, ukimwagika, ukishuka ardhini, mweupe, bila mtu wa kuukinga. Nilikaa mpaka wa mwisho akapita. Nakiri kwamba nilifurahi. Furaha ile ilikuwa baridi na safi, kama kumeza maji ya mtungi mpya, na sijapata kuionja tena.

Haki yanipasa niandike na hili: sheria ile ile, katika mashamba mengine, iliwafunga watoro kumi na tisa kabla haijaachwa. Majina yao ninayo.

Bwana Nyuki alikuja dukani baada ya wiki tatu. Mkataba wake wa merikebu ulikuwa umekufa na shamba lilikuwa limetangazwa kuuzwa. Aliweka kibaba cha bati mezani, akakitazama, kisha akatazama rafu yangu ya kulia.

"Hapo palikuwa na kingine."

"Palikuwapo, bwana."

"Kiko wapi?"

"Tulikipikia."

Akavuma puani, muda mrefu. Nilingoja. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya siku hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yamepangwa kwa tarehe.

"Nilikukosea nini?" aliuliza. Nilimtazama vizuri, kwa kuwa nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha.

Niliinama chini ya meza nikatoa lile kopo la maziwa. Nikaliweka kando ya kibaba. Nikamimina maji ndani ya kopo mpaka juu, kisha nikayamimina yale maji ndani ya kibaba, nikamgeuzia aone yalipofikia.

"Mwambire," nilisema. "Alikuwa ndugu yangu."

Alitikisa kichwa polepole. Hakumkumbuka. Nilimpa nafasi ya kutosha, akajaribu, nikamwona akijaribu, na hakumkumbuka. Maneno yangu yote yaliyopangwa kwa tarehe yakawa hayana kazi. Alitoka, akaacha kibaba chake mezani.

Nilimpelekea Kadzo habari kwao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipura mtama.

"Na watoto wa Mwambire wamekula nini katika hiyo kore?" aliuliza. Kisha akaendelea kupura.

Vita vilikuja; vya huko kwao vikapita, vya dunia vikaendelea. Biashara ya ng'ambo ya mto ikafunguliwa tena, kwa ruhusa isiyoandikwa, kama inavyofunguliwa kila mara. Mwaka wa 1916, mwezi wa mavuno, Kadzo aliingia dukani na kikapu cha mahindi kichwani. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Nilimsalimu, nikamuuliza habari za watoto, akanijibu. Nikakishusha kibaba cha mbao, kile chenye taji ubavuni, maana cha bati kilikuwa kimeshika kutu.

Alikichukua mkononi mwangu kabla sijakijaza. Aliitazama chapa, akakiinamisha, akaingiza vidole ndani. Akavizungusha taratibu pale baba yangu alipokuwa akisugua, palipokuwa laini kama ndani ya shavu.

"Hiki ndicho ulichowapelekea wazungu?"

"Ndicho."

"Ndicho mlichokuwa mkinunulia mahindi ya Mwambire? Hata baada ya kuchanjana?"

Kulikuwa na mteja mmoja mlangoni. Nilingoja atoke. Hakutoka.

"Ndicho," nilisema.

"Sisikii, mulamu," alisema, yaani shemeji.

"Ndicho."

"Alikuwa akikicheka," alisema Kadzo. "Akirudi nyumbani anacheka, anasema kibaba cha mwenehu kinanenepa. Mimi sikuwa nikicheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikilima."

Alikirudisha mezani, mdomo juu. Nilitaka kusema kwamba sikukisugua, kwamba ni baba, kwamba mimi nilikiacha rafuni tu. Nilikuwa nimepima kila kitu katika jambo lile: chupa, kopo, siku za njaa, vikombe vya mpira. Miaka minane ya mahindi ya Mwambire, mistari minane kwa kila kibaba, sikuwa nimeipima.

"Basi na wewe una kore ya kulipa," alisema, kwa sauti ya chini, kama yangu. Kisha akasogeza kikapu karibu. "Pima."

Mkono wangu, kwa mazoea, ulikwisha kuingia kikapuni kabla sijauzuia. Ulikwenda mpaka kitakoni, ukitafuta. Mahindi yalikuwa makavu kabisa, ya kugongana kama kokoto, na chini yake hapakuwa na gunzi hata moja.